Kirusi, Faili na Mbegu ya Muhogo: Maelezo ya Kinga ya Kompyuta katika Mitandao

Wilaya za Kibaha na Kisarawe zimo katika Mkoa wa Pwani, upande wa magharibi na kusini-magharibi ya Dar es Salaam. Muhogo ni chakula cha siku zote katika nyumba nyingi za nchi hiyo. Tena ni nchi yenye sifa ya elimu: katika Kisarawe iko shule ya Minaki, iliyoanza kama chuo cha wamisioni; na Kibaha pana Shirika la Elimu lililoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi nne za kaskazini ya Ulaya, likakabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970. Kwa hiyo hapa neno moja, virusi, lina kazi mbili zilizo mbali. Bwana shamba hulitaja akieleza maradhi ya muhogo. Mwalimu au karani hulitaja akieleza sababu ya kompyuta yake kukataa kazi.

Kusudi la makala hii ni kueleza jinsi kirusi cha kompyuta chenye kuambukiza mafaili kinavyoenea katika mitandao, na jinsi ya kukikinga. Pamoja na hayo itaonyeshwa kuwa maradhi ya muhogo, yanayojulikana sana katika wilaya hizi mbili, yatoa mfano ulio sahihi zaidi kuliko ule wa homa ya binadamu ambao umezoeleka. Na kuwa mfano usiofaa huleta kinga isiyofaa.

Neno lenyewe

Katika Kilatini neno virus lilikuwa na maana ya sumu, au ute wenye kudhuru. Mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu wa elimu ya viumbe walilitumia kwa kitu kidogo mno, chenye kuleta maradhi ya tumbaku, ambacho kilipenya hata chujio lililozuia bakteria. Lilipofika katika Kiswahili lilikutwa na jambo la pekee. Silabi yake ya kwanza yafanana na kiambishi cha wingi katika ngeli ya KI-VI. Basi walilolisikia wakalihesabu kuwa ni wingi, wakalitafutia umoja, wakapata kirusi, ijapokuwa kirusi lilikwisha kuwa jina la lugha ya Warusi. Wako pia wanaoandika virusi kwa umoja na kwa wingi. Neno hili lilienea mno baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kutambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, maana mafundisho ya afya yalilifikisha kila kijiji katika ufupisho wa VVU.

Mwaka huo huo wa 1983, huko Marekani, Fred Cohen alikuwa akifanya majaribio ya programu zenye kujizidisha katika Chuo Kikuu cha Southern California. Mwalimu wake, Leonard Adleman, ndiye aliyependekeza ziitwe kwa jina hilo la maradhi. Maana aliyoitoa Cohen ingali yatumika: kirusi ni programu iwezayo kuambukiza programu nyingine kwa kuzibadili hata zibebe nakala yake, na pengine nakala hiyo imegeuzwa kidogo.

Maana hii yafaa kushikwa kwa makini, kwa kuwa haitaji mashine hata kidogo. Chenye kuambukizwa ni programu. Lakini katika mazungumzo ya ofisini husemwa kuwa kompyuta imeingiwa na virusi, mithili ya mtu aliyeshikwa na homa. Neno hilo humwelekeza msikilizaji kuitibu mashine. Basi huisafisha, hufurahi, kisha huzirudisha programu zake zote kutoka katika flashi ile ile au folda ile ile ya pamoja, na baada ya siku chache maradhi yamerejea. Mkulima mwenye kufanya hivi ni yule aliyeng'oa muhogo mgonjwa, akauchoma, kisha akapanda pingili alizozikata katika shamba lilo hilo.

Maradhi yaliyomo ndani ya mbegu

Muhogo haupandwi kwa punje, bali kwa pingili za shina. Kila pingili ni kipande cha mwili wa mmea uliotangulia. Kwa hiyo virusi vilivyomo shinani huhamia shamba jipya pamoja nayo. Pingili huombwa kwa jirani, hupewa mkwe, hubebwa kutoka kijiji hata kijiji kwa nia njema kabisa. Wema huo ndio barabara ya maradhi.

Maradhi mawili ndiyo makubwa. La kwanza ni batobato, ambalo Mjerumani Warburg alilieleza mwaka 1894 kutokana na mimea ya Afrika Mashariki. Hili hujifichua lenyewe: majani huwa na mabaka ya manjano, tena hujikunja. La pili ni michirizi ya kahawia, lililoelezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Hili ni la hila. Mara nyingi majani huonekana mazuri, na mkulima haoni dalili hata siku ya mavuno, anapokata muhogo na kukuta ndani umeoza kwa uozo mkavu wa rangi ya kahawia.

Tofauti hii ya maradhi ya wazi na maradhi ya siri imo vile vile katika virusi vya mafaili.

Jinsi kirusi kinavyojipandikiza

Faili la programu lina utangulizi wenye kuiarifu kompyuta ianzie wapi kusoma amri. Mahali hapo paweza kuitwa mlango. Kirusi cha namna ya kawaida hujipandikiza mwishoni mwa faili, kisha huugeuza mlango uelekee kwake. Mtu anapoiendesha programu, kirusi hutangulia, hutafuta mafaili mengine ya programu, hujipandikiza humo, kisha huiachia programu ya haki nafasi yake. Programu hufunguka kama siku zote, na mwenyewe hana habari ya yaliyopita. Kitenzi kupandikiza chafaa hapa kuliko kuingia, kwa kuwa chaonyesha kitu kilichounganishwa na mwili wa kingine hata kikaishi nao.

Faili lililopandikizwa hivi huongezeka ukubwa, na ongezeko hilo ni kama mabaka ya batobato: mwangalizi aweza kulitambua. Lakini mwaka 1998 kilitokea kirusi cha CIH, kilichotungwa Taiwan, ambacho kilijigawa vipande na kujificha katika nafasi tupu zilizomo ndani ya faili, hata ukubwa wake usibadilike. Hicho kilikuwa na tabia ya michirizi ya kahawia. Watu wengi walikibeba bila dalili mpaka tarehe 26 Aprili 1999, siku iliyopangwa ndani yake, kilipofuta habari za diski na, katika kompyuta za aina fulani, kuharibu hata programu ya kuiwashia mashine.

Jambo moja lahitaji kukumbukwa. Kirusi hakina nguvu mpaka faili lake liendeshwe. Likikaa katika diski bila kuguswa ni kama pingili iliyoegemezwa ukutani: ina maradhi, lakini haijapandwa. Kadhalika barua, orodha au picha ya kawaida si programu, wala si shamba la kirusi cha namna hii. Walakini nyaraka zenye makro huwa na programu ndogo ndani yake, na kirusi cha Melissa cha mwaka 1999 kilipita kwa njia hiyo.

Njia ya mtandao

Zamani virusi vilisafiri kwa disketi, baadaye kwa flashi. Waya wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010, njia ziliongezeka. Hata hivyo, kirusi cha faili hakihitaji bahari. Mtandao wa ndani wenye kompyuta tano za shule moja wakitosha.

Mtu anapoendesha programu, programu hiyo hufanya kazi kwa jina lake na kwa ruhusa zake. Akiwa ameruhusiwa kuandika katika folda ya pamoja, kirusi nacho kimeruhusiwa. Kwa hiyo hakivunji mlango. Huingia kwa ufunguo wa mwenye nyumba, na kuambukiza kila programu iliyomo katika folda. Mwenzake katika chumba cha pili huifungua programu mojawapo, na kuanzia hapo mafaili ya kompyuta yake mwenyewe yaambukizwa. Mwaka 1999 kirusi cha FunLove kilitumia njia hii ya folda za pamoja. Sality, kilichojulikana tangu mwaka 2003, kilienea kwa folda hizo na kwa flashi, tena kilizizima programu za ulinzi kabla hazijasema neno.

Katika nchi ya Pwani hujulikana aina ya muhogo iitwayo Kiroba, ambayo huvumilia michirizi ya kahawia. Kuvumilia si kutoambukizwa. Mmea uliovumilia huendelea kuzaa, na huku waweza kuwa na virusi ndani yake, na pingili zake zikavipeleka kwingine. Mfano wake katika mtandao ni seva inayotumia mfumo wa Linux lakini yatunza mafaili ya kompyuta za Windows. Kirusi cha Windows hakiwezi kuiendesha seva hiyo wala kuipunguzia kazi. Nayo hubaki na afya, ikigawa mafaili yenye maradhi kwa kila aombaye. Msimamizi asemaye kuwa seva yake haishikwi na virusi huwa amesema kweli, wala hajamkinga mtu.

Maana ya kukinga

Kitenzi kukinga hutumika kwa mtu atiaye chombo chini ya paa kupokea maji ya mvua, na kwa mtu ainuaye mkono kuzuia pigo. Maana yake ya asili ni kuweka kitu katika njia ya kingine. Basi swali la kwanza la kinga ni njia, na njia ya kirusi cha faili ina hatua tatu: faili lenye maradhi liendeshwe, mwenye kuliendesha awe na ruhusa ya kuandika katika programu nyingine, na programu hizo zifikiwe na mtu mwingine. Hatua moja ikikatwa, safari imekwisha.

Kwanza, ruhusa ya kuandika ipunguzwe. Folda yenye programu za kugawiwa iwe ya kusoma tu kwa watu wote, isipokuwa msimamizi mmoja; nayo nyaraka za kazi ziwekwe katika folda nyingine. Msimamizi naye awe na akaunti mbili, ya utawala na ya kazi za kila siku, wala asisome barua zake kwa ile ya utawala. Sharti hili halina gharama, na ndilo lenye nguvu kuliko yote.

Pili, chanzo cha programu kijulikane. Programu ichukuliwe kwa mtengenezaji wake, si kwa rafiki, hata rafiki awe mwaminifu kiasi gani, maana mwenye pingili yenye maradhi naye aliipewa kwa uaminifu. Watengenezaji wengi hutangaza alama ya hesabu ya kila faili. Kwa njia iitwayo SHA-256 alama hiyo ina herufi na tarakimu 64. Faili likibadilika hata kidogo, alama hubadilika kabisa. Hapa fundi wa kompyuta ana bahati ambayo mkulima hana, kwa kuwa aweza kuithibitisha mbegu yake pasipo kungoja mavuno.

Tatu, faili lisiendeshwe pasipo mtu kukusudia. Windows za zamani ziliendesha programu ya flashi mara ilipochomekwa. Desturi hiyo iliondolewa kwa flashi katika Windows 7 ya mwaka 2009, na mwaka 2011 ikatolewa sahihisho kwa zilizotangulia. Lakini kompyuta isiyopata masahihisho yabaki na hatari yake. Kadhalika mfumo uamriwe kuonyesha jina la faili pamoja na mwisho wake, ili faili liitwalo matokeo.doc.exe lisidhaniwe kuwa waraka.

Nne, iwepo programu ya antivirusi, nayo ipewe habari mpya kila siku. Wengine huiita chanjo, lakini jina hilo lakosesha. Mtoto aliyechanjwa hubeba kinga mwilini mwake kwa miaka. Antivirusi yafanana zaidi na mkaguzi wa barabarani mwenye orodha ya maradhi yanayojulikana na jicho la kutambua tabia za kutilia shaka. Orodha ikichakaa, ukaguzi umechakaa. Cohen mwenyewe alionyesha ya kuwa haiwezekani kutunga programu itakayotambua virusi vyote bila kukosea. Hivyo antivirusi ni msaada wa masharti yaliyotangulia, haishiki nafasi yao.

Tano, nakala za akiba ziwekwe mahali pasipounganishwa na mtandao. Nakala iliyomo katika diski iliyochomekwa siku zote imo shambani pamoja na mihogo mingine.

Kusafisha kwa pamoja

Maradhi yakiisha kuingia, mtu mmoja kusafisha kompyuta yake ni kazi bure ikiwa jirani yake hajasafisha. Katika miaka ya 2010 watafiti wa kilimo walilijaribu jambo la namna hii katika Wilaya ya Mkuranga, inayopakana na Kisarawe, na katika Chato, kaskazini-magharibi ya Tanzania. Jamii nzima iling'oa mihogo yake ya zamani, ikapanda mbegu iliyohakikishwa usafi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha maradhi ya michirizi kuwa machache kuliko katika jamii za kulinganishia ambazo hazikufanya hivyo.

Utaratibu wa mtandao ni uo huo. Kompyuta zote zitengwe kwa kukatwa mawasiliano, hata zile zisizo na dalili. Kila moja ikaguliwe kwa kuwashwa kutoka katika diski iliyo safi, kwa sababu kirusi kama Sality kikiwa kimekwisha kuendeshwa chaweza kumzima mkaguzi. Nyaraka zihifadhiwe baada ya kukaguliwa. Lakini programu zilizoambukizwa zifutwe, na zipandwe upya kutoka chanzo chake. Kuzitibu ni kazi yenye shaka, kwa kuwa kirusi pengine kimeharibu sehemu ya faili isiyoweza kurejeshwa. Seva isisahauliwe, wala flashi zilizomo katika mifuko na mikoba. Mashine zote zikiisha kuwa safi, ndipo waya urudishwe, na si kabla.

Mahali mfano unapokoma

Kila mfano una mpaka. Virusi vya muhogo havipiti kwa pingili peke yake. Hubebwa pia na inzi weupe, ambao hawangoji mkulima awape ruhusa. Katika kompyuta mwenzao wa inzi hao ni ile programu iitwayo mnyoo, ambayo hupita yenyewe katika ufa wa mfumo bila mtu kufungua faili. Conficker cha mwaka 2008 na WannaCry cha Mei 2017 vilikuwa na tabia hiyo. Dawa ya mnyoo ni kuuziba ufa kwa masahihisho ya mtengenezaji, na ruhusa za folda peke yake hazitoshi. Tena wako waliochanganya njia mbili: Nimda cha mwaka 2001 kilipita kwa nyufa, kwa barua na kwa folda za pamoja, huku kikiambukiza mafaili. Kwa hiyo ni vema maneno mawili yatenganishwe: kirusi kwa kile kinachokaa ndani ya faili la mwingine, na mnyoo kwa kile kinachotembea peke yake. Mwenye kuyaita yote virusi huchagua kinga kwa kubahatisha.

Mpaka wa pili ni kuwa virusi vya muhogo havikutungwa na mtu, na vya kompyuta vimetungwa. Ndiyo maana Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na chini ya Mamlaka ya Mawasiliano kimewekwa kikosi cha TZ-CERT cha kushughulikia matukio ya namna hii. Lakini sheria humfuata mtunzi, na aghalabu mtunzi yu mbali. Karani aliyepeleka faili lenye maradhi katika chumba cha pili si mkosaji, ni jirani aliyegawa pingili.

Hapa ndipo kazi ya wataalamu wa lugha inapoonekana. Orodha ya wanafunzi wa shule nzima, kadi za zahanati, hesabu za kijiji, vyote hivi siku hizi hutunzwa katika mashine ambazo wenyewe wameambiwa tu ya kuwa zaweza kuingiwa na virusi. Maagizo yakiandikwa kuwa kompyuta yaumwa, msomaji atatafuta dawa ya kompyuta. Yakiandikwa kuwa faili labeba kirusi, na kuwa kuliendesha ni kulipanda, msomaji wa Kibaha au Kisarawe hatahitaji maelezo marefu: atauliza kwanza mbegu hii imetoka shamba gani.